Tone la Pili: Makosa Haya Si ya Mungu

Nianze kwa kukiri, kwa sababu mwandishi anayetaka kuwanyooshea wengine kidole hana budi kujinyooshea mwenyewe kwanza.

Katika muhula mmoja wa miaka ya karibuni nilikuwa nikifundisha somo la mwaka wa kwanza katika ukumbi wenye wanafunzi zaidi ya mia tatu. Miongoni mwao alikuwamo kijana aliyezoea kuketi safu za nyuma, karibu na mlango, akiwa na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ilipofika wiki ya nne alianza kutoka nje katikati ya mhadhara. Alitoka, akarudi; baada ya nusu saa akatoka tena, akarudi na chupa imejazwa upya. Wiki ya tano mambo yakawa yale yale. Wiki ya sita nilisimamisha mhadhara, nikamwita kwa kipaza sauti na kumuuliza mbele ya wenzake iwapo amekuja chuoni kusoma au kunywa maji. Ukumbi uliangua kicheko. Kijana alisema, "Samahani, Daktari," akakusanya madaftari yake na kuondoka. Sikumwona tena kwa siku kumi na moja.

Wanafunzi wetu hutuita "Daktari", nasi hulifurahia jina hilo kuliko tunavyokubali hadharani. Mimi si tabibu. Shahada yangu ya uzamivu ni ya sayansi ya jamii. Hata hivyo, katika simulizi hii mimi ndiye daktari wa kwanza kumwona mgonjwa. Nilimwona kwa wiki tatu mfululizo, dalili zote zikiwa mbele ya macho yangu, nami nikazipa jina la utovu wa nidhamu.

Siku zile kumi na moja nilikuja kusimuliwa baadaye na wenzake wa bwenini pamoja na mama yake mzazi. Ninazieleza hapa kwa idhini yake, bila kutaja jina la mtu wala la mahali, kwa kuwa sina nia ya kumshitaki mhudumu mmoja. Nia yangu ni kuushitaki utaratibu mzima, nami nikiwa mshitakiwa mmojawapo.

Kijana alianza kwenye duka la dawa. Alieleza kuwa anachoka na viungo vinamuuma. Akauziwa dawa ya mseto ya malaria bila kupimwa chochote. Siku ya nne alikwenda zahanati, akasema kwamba anakojoa mno usiku na mchana. Hapo alipimwa malaria, hakuwa nayo. Mkojo wake ukachukuliwa, ukatafutwa wadudu. Hakuna aliyetafuta sukari. Akaambiwa ana "UTI" na taifodi, magonjwa mawili ambayo siku hizi kila Mtanzania aendaye maabara hurudi nayo nyumbani, akapewa vidonge vya siku saba. Wakati huo suruali yake ilikuwa imeongezewa matundu mawili kwenye mkanda. Bwenini minong'ono ilikuwa imeanza: wengine walitaja ukimwi, wengine wakasema kuna mtu kijijini kwao hakupenda kijana huyu afike chuo kikuu. Wale waliompenda zaidi walichanga fedha wakamnunulia soda na pakiti za glukosi ili apate nguvu. Kwa huruma yote ya ujana wao, walikuwa wakimmwagia petroli mtu anayeungua.

Siku ya nane na ya tisa alikuwa kwenye maombi. Siku ya kumi alianza kutapika, tumbo likimuuma, akihema kwa nguvu kama aliyekimbia mbio ndefu, na maneno yake yakawa hayaeleweki. Wenzake walimbeba hadi kituo cha afya. Walipoeleza kwamba anaweweseka, jibu lilikuja haraka: malaria imepanda kichwani. Alipimwa malaria kwa mara ya pili, na kwa mara ya pili kipimo kikasema hana. Hata hivyo ikaandikwa sindano ya malaria kali pamoja na dripu ya glukosi ya kumwongezea nguvu.

Aliyemwokoa hakuwa mfumo wetu wa afya. Alikuwa binti wa uuguzi aliyekuwa hapo kwa mafunzo ya vitendo. Alipoinama kumtafuta mshipa alinusa pumzi yake, akasikia harufu tamu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi, harufu aliyoijua. Mama yake binti huyo ana kisukari, na mashine ya kumpimia, aliyokuwa amemnunulia stripu zake siku hiyo, ilikuwa kwenye mkoba. Akamtoboa kidole. Mashine haikutoa namba. Iliandika herufi mbili, HI, maana yake sukari imevuka kiwango ambacho mashine yenyewe inaweza kusoma. Na mashine nyingi za aina hiyo husoma hadi milimoli 33.3 kwa lita. Dripu ikasimamishwa, gari likatafutwa, kijana akafika hospitali ya rufaa akiwa hajitambui.

Alipona. Lakini aliponea kwenye mkoba wa mtu. Taifa ambalo uhai wa raia wake hutegemea kilichomo katika mkoba wa mwanafunzi aliyepita njia halijawahi kuwa na mfumo wa afya. Lina bahati nasibu.

Ndugu msomaji, kabla sijaendelea na lawama ni vema tukaelewana juu ya ugonjwa wenyewe. Sehemu ya tatizo letu imo katika jina. Tunaposema "ugonjwa wa sukari", akili ya msikilizaji hukimbilia kwa mzee mwenye kitambi, anayekunywa chai tamu na kula wali kila siku. Yupo mgonjwa wa namna hiyo, tena ni wengi: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikadiria kwamba watu wazima 9.1 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari. Wengi wao wana kisukari cha aina ya pili, kinachonyemelea kwa miaka na kumpa mgonjwa muda wa kuhangaika. Kampeni zetu, mabango yetu na vipindi vyetu vya redio vinamzungumzia huyo.

Kisukari cha aina ya kwanza ni jambo jingine. Hapa kinga ya mwili hugeuka na kuziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Hakisababishwi na pipi, wala soda, wala uvivu, wala dhambi ya mzazi. Huanza zaidi utotoni na ujanani, ingawa kinaweza kumpata mtu wa umri wowote. Insulini ndiyo ufunguo unaofungua mlango wa chembe ya mwili ili sukari iingie igeuzwe nguvu. Ufunguo ukikosekana, sukari hujaa kwenye damu huku mwili ukifa njaa. Figo huitoa sukari hiyo kwa njia ya mkojo, na sukari hutoka ikivuta maji. Ndiyo maana mgonjwa hukojoa bila kikomo na kushikwa na kiu isiyoisha. Mwili, kwa kukosa chakula, huanza kujila wenyewe: huchoma mafuta na misuli, mgonjwa hukonda ilhali anakula. Uchomaji huo wa mafuta huzalisha tindikali ziitwazo ketoni. Zikizidi, damu huchachuka. Hapo ndipo yanapokuja matapishi, maumivu ya tumbo, kuhema kwa kina na kwa kasi, harufu ya matunda kinywani, kuchanganyikiwa, na hatimaye kuzirai. Kutoka dalili za mwanzo hadi hatua hiyo inaweza kuwa suala la wiki chache. Kwa mtoto mdogo, siku chache tu. Bila insulini, mwisho wake ni kifo. Hakuna anayekikwepa kwa kujikaza.

Sasa tazama jinsi ugonjwa huu unavyovaa nguo za magonjwa tuliyoyazoea. Uchovu tunauita malaria. Kukojoa tunakuita UTI. Kuhema tunakuita nimonia au pumu. Maumivu ya tumbo tunayaita kidole tumbo. Kukonda tunakuita ukimwi. Kuweweseka tunakuita malaria iliyopanda kichwani, na pale kipimo cha malaria kinapokataa, tunakuita pepo. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akianza tena, hatumuiti kitu, tunamchapa. Bibi zetu walikuwa na macho kuliko sisi: walipoona sisimizi wamekusanyika palipokojolewa walijua kuna jambo. Sisi wenye vyeti tumewafukuza sisimizi kwa dawa na tumesahau kuuliza walichokuwa wakikifuata.

Nikisema hayo mbele ya wakubwa, huwa napewa visingizio vitatu. Nitavijibu kimoja kimoja.

Cha kwanza ni kwamba ugonjwa huu ni nadra kwetu. Wataalamu Swai, Lutale na McLarty walifuatilia suala hili jijini Dar es Salaam kwa miaka kumi na kuchapisha matokeo mwaka 1993: wagonjwa wapya wapatao 1.5 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wenye umri wa chini ya miaka 20. Katika nchi kama Finland idadi hiyo kwa watoto hupita 50. Huenda kweli ugonjwa huu ni adimu zaidi kwetu kuliko kwao. Sina sababu ya kubishana na watafiti waliofanya kazi nzito katika mazingira magumu. Ninachouliza ni hiki: mtoto aliyezikwa kwa jina la malaria anahesabiwa wapi? Ili uingie kwenye takwimu ya kisukari ni lazima kwanza mtu akupime ukiwa hai. Tukishindwa kupima, wagonjwa wanakuwa wachache. Wagonjwa wakiwa wachache, tunasema hakuna haja ya kupima. Duara hilo limechorwa kwa makaburi.

Wala siyo jambo jipya. Mwaka 1986 Rwiza, Swai na McLarty walichapisha makala katika jarida la kitabibu la kimataifa. Kichwa chake, kwa tafsiri yangu, kilihusu kushindwa kuutambua mchachuko wa damu utokanao na kisukari nchini Tanzania. Mwaka 1986! Kijana niliyemkejeli ukumbini alikuwa hajazaliwa. Hata mama yake alikuwa binti mdogo. Madaktari wetu wenyewe, wakifanya kazi Dar es Salaam, walikwisha kuliweka tatizo mezani, kwa maandishi. Tatizo letu, basi, siyo kwamba hatukujua. Tulijua, tukakunja karatasi.

Kisingizio cha pili ni fedha na vifaa. Hiki ndicho kinachonikera zaidi, maana kinavaa joho la uhalisia. Tukumbuke tulivyofanya kwa malaria. Ulikuwapo wakati ambapo kila homa ilitibiwa kama malaria bila kipimo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na nchi yetu ikasambaza vipimo vya haraka hadi zahanati za vijijini. Leo mama anayembeba mtoto mwenye homa akitembea kilomita kumi anatarajia mtoto atobolewe kidole. Hilo ni jambo kubwa, na nalisifu bila kusita. Nchi iliyoweza hilo imejithibitishia kwamba inaweza.

Basi hoja yangu yote ya leo imo katika kidole hicho. Kidole kimekwisha kutobolewa. Mtoto amekwisha kulia. Muuguzi amekwisha kuvaa glavu. Tone la kwanza limewekwa kwenye kipimo cha malaria. Kinachotakiwa ni tone la pili: stripu moja, mashine inayotoshea kiganjani, jibu lisilochukua hata dakika moja. Kijana wetu alipimwa malaria mara mbili katika siku kumi na moja. Mara mbili damu ilitoka kwenye mwili wake, na mara mbili tulikifuta kidole kwa pamba na kuitupa pamba ile jalalani, ikiwa na jibu ndani yake.

Wala sisemi kwamba miongozo haipo. Shirika la Afya Duniani limekwisha kuweka kipimo cha sukari miongoni mwa huduma za msingi zinazopaswa kupatikana hata katika vituo vya ngazi ya chini. Mafaili yetu yamejaa mikakati ya magonjwa yasiyoambukiza yenye majalada ya kupendeza. Mimi sizungumzii jalada. Nazungumzia meza ya mapokezi ya zahanati, saa nane mchana, tabibu mmoja, wagonjwa sitini, mashine ipo lakini stripu zimekwisha tangu mwezi uliopita. Mashine isiyo na stripu ni pambo la kuonyesha wageni wa mradi.

Kisingizio cha tatu ni wananchi wenyewe: hawana elimu, wanachelewa, wanakwenda kwa waganga na kwenye maombi. Kisingizio hiki kina nusu ya ukweli, na nusu hiyo lazima niiseme. Ndiyo, tunachelewa. Ndiyo, tunauziwa redioni na vituo vya mabasi chupa za kijani zinazodaiwa "kusafisha sukari". Lakini nani aliyetufundisha? Mwaka 2011 taifa lilijipanga foleni kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa shilingi 500 kilichosemwa kuponya kisukari, saratani na ukimwi. Kwenye foleni ile hawakuwamo wanakijiji peke yao. Walikuwamo viongozi, wasomi na watu wenye madereva. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili akiacha dawa kwa wiki mbili huenda akarudi akiwa hai na kujutia. Wa aina ya kwanza akiacha insulini, hizo wiki mbili huenda asizimalize. Wasomi tulioketi kwenye foleni ile, au tuliokaa kimya huku tukiitazama, hatuna uso wa kumwambia mama wa kijijini kwamba hana elimu.

Siipingi sala. Mimi mwenyewe husali. Lakini hakuna mafundisho ninayoyajua yanayosema kwamba Mungu huchukizwa na tone la damu. Sali ukiwa njiani kwenda hospitali. Atakusikia hata ndani ya bajaji. Na tukifika msibani, tuache kulitumia vibaya lile neno letu la faraja, "Kazi ya Mungu haina makosa." Ni kweli haina. Ndiyo maana makosa yote yaliyobaki pale kaburini ni yetu.

Lipo kosa jingine ambalo nalitaja kwa wauguzi na matabibu kwa heshima, kwa sababu najua wanafanya kazi katika uhaba. Ni ile desturi ya kumtundikia kila mgonjwa aliyelegea dripu ya glukosi kabla ya kumpima. Sukari si sumu kwa kila mgonjwa. Yule ambaye sukari yake imeshuka huokolewa na sukari hiyohiyo. Lakini huwezi kujua imeshuka au imepanda kwa kumtazama usoni. Kuna kosa pia la kumwambia mzazi, "Mrudishe kesho asubuhi akiwa hajala, ndipo tupime sukari." Mtu mwenye dalili za wazi hahitaji kufunga. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mwenye dalili hizo akipimwa saa yoyote, awe amekula au hajala, na sukari ikafikia milimoli 11.1 kwa lita au kuzidi, huyo ana kisukari. Kwa mtoto anayetapika na kuhema, neno "kesho" laweza kuwa hukumu ya kifo iliyotamkwa kwa upole.

Na akishagunduliwa? Hapo napo tuna deni. Mgonjwa wa kwanza duniani kudungwa insulini alikuwa Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, mjini Toronto, Januari 1922. Alikuwa amebaki mifupa na ngozi. Aliishi miaka mingine 13. Mwaka 1923 wagunduzi Banting, Best na Collip waliiuzia hataza yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, kwa kuamini kwamba dawa hii haipaswi kuwa ya kutajirikia. Insulini ilikuwamo katika orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 1977. Zaidi ya karne moja imepita tangu Thompson, na bado wapo watoto wa Kitanzania ambao insulini yao hutegemea huruma ya wafadhili wa ng'ambo. Nawashukuru wafadhili hao, na nakishukuru Chama cha Kisukari Tanzania kwa kazi ya miaka mingi. Lakini msaada si haki. Mradi huwa na tarehe ya kumalizika. Kisukari cha aina ya kwanza hakina. Tumekwisha kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kipimo cha sheria hiyo kisiwe idadi ya kadi zilizochapishwa. Kiwe mtoto wa mkulima anayefungua chupa yake ya insulini mwezi huu akijua kwamba mwezi ujao ipo nyingine.

Nimelaumu vya kutosha; sasa niseme ninachodai.

Kwa wenye dhamana ya afya: iwe amri, siyo pendekezo, kwamba mtoto au kijana yeyote anayefikishwa kituoni akiwa anatapika, anahema isivyo kawaida, amechanganyikiwa, amekonda ghafla au anakojoa sana, apimwe sukari kabla ya dripu na kabla ya dawa ya malaria. Na stripu ziwekwe kwenye daraja moja na vipimo vya malaria: zikikosekana, mtu aulizwe. Wewe msomaji, diwani wako akija kuomba kura, usimuulize juu ya barabara peke yake. Muulize zahanati ya kata ina stripu ngapi leo.

Kwa walimu wenzangu, kuanzia chekechea hadi chuo kikuu: mtoto wa shule anaonekana na mwalimu siku tano kwa wiki, daktari huenda asimwone mwaka mzima. Anayeomba ruhusa ya kwenda chooni kila mara, anayemaliza maji ya wenzake, anayesinzia na ambaye sare inamning'inia, usimpe adhabu kabla hujampa barua ya kwenda kupimwa. Mimi nilikuwa na kipaza sauti, nikakitumia vibaya. Wewe usingoje kujifunza kwa njia hiyo.

Kwa wazazi na walezi, mambo ni manne ya kukumbuka: kiu kali, mkojo mwingi, kukonda, uchovu. Kwa mtoto mdogo ongeza kukojoa kitandani baada ya kuwa alikwisha kuacha, au nepi zinazolowa kuliko kawaida. Ukiona hayo, mpeleke leo. Usisubiri Jumatatu, usisubiri mwisho wa mwezi, usisubiri baba arudi safari. Ukifika usione haya kutamka maneno haya mbele ya yeyote aliyevaa koti jeupe: "Naomba mwanangu apimwe sukari sasa hivi." Ukiambiwa kwamba watoto hawapati sukari, sema tena. Ukiambiwa mashine haipo, uliza iliyo karibu iko wapi, uende huko muda uleule. Kama ameanza kutapika, kuhema kwa nguvu au kuzungumza yasiyoeleweka, hiyo ni dharura sawa na ajali ya barabarani. Nenda hospitali yenye uwezo wa kulaza na kutibu kwa insulini. Usimpe soda wala glukosi kwa kubahatisha. Na akipatikana na malaria, bado omba tone la pili, kwa sababu malaria haimzuii mtu kuwa na kisukari.

Nilikwenda kumwona kijana yule wodini siku ya tatu baada ya kuzinduka. Mama yake alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi, ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa kanga. Nilipojitambulisha alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shikamoo, mwalimu," akasema, mwanamke aliyenizidi umri, kwa heshima ya kazi yangu. "Mwanangu alinisimulia habari zako. Alisema wewe ni mkali lakini unafundisha. Asante kwa kutukumbuka." Kijana alikuwa akitazama dari. Hakuwa amemweleza mama yake yaliyotokea ukumbini. Nilimwomba radhi pale pale, mbele ya mama yake, kwa sauti ya kusikika, kwa kuwa nilimkosea mbele za watu.

Alirudi masomoni muhula uliofuata. Huketi safu ya pili sasa, na chupa yake ya maji huiweka juu ya meza. Kila muhula mpya, kabla sijatamka neno la kwanza la somo, huwaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza zile dalili nne, na huwaambia kwamba katika darasa langu mtu hutoka nje bila kuomba ruhusa. Huwaambia pia kwamba anayetoka mara kwa mara nitamfuata mwenyewe, na tutakwenda pamoja kupimwa.

Hilo ndilo niliwezalo mimi, mtu mmoja mwenye ukumbi mmoja. Wenye dhamana wana zahanati za nchi nzima. Hawajaombwa hospitali mpya wala mashine za mabilioni. Wameombwa tone la pili, kutoka kidole ambacho wamekwisha kukitoboa.